Nilisema Kifua

Nyamizi ni mtoto wangu wa pili, na katika watoto wangu watano ndiye aliyenisumbua kidogo kuliko wote. Alizaliwa msimu wa kuhamisha miche ya tumbaku. Mkunga alipofika mlangoni, mtoto alikuwa ameshatoka analia. Tangu hapo hakuwa mtu wa kusubiri kubebwa. Akiwa darasa la tano alijitwisha ndoo ya lita ishirini huku mkono mmoja umemshika mdogo wake. Alipomaliza la saba alikaa nasi miaka mitano hapa Ushetu, akalima, akachuma majani, akakesha akichochea moto kwenye bani, kile kibanda cha udongo tunachokaushia tumbaku. Kisha akaniambia anakwenda machimboni, upande wa Geita.

"Kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kubeba mawe, mama. Huku nabeba bure."

Huko akawa anabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo wanamochimba, mpaka kwenye karasha, mashine inayosaga mawe yakawa unga. Wanawake wengi hupewa kazi ya kuponda na nyundo wakiwa wameketi. Yeye alitaka kubeba. Siku niliyokwenda kumtembelea nilisikia kijana anapiga kelele, "Pisheni, pisheni, Fuso inapita!" Nikaruka pembeni natafuta lori. Kumbe ni mwanangu, kiroba kichwani, uso mweupe kwa vumbi, anacheka meno yote nje.

"Ndilo jina lao walilonipa," aliniambia baadaye. "Usikasirike, mama. Wengine wanaitwa majina mabaya zaidi."

Huko ndiko alikokutana na Abel, mchimbaji, mtu wa Kasulu. Abel alikuja kwetu kujitambulisha, akamletea mume wangu koti na mimi kitenge. Mume wangu anaitwa Mabula, lakini tunaitana Baba Herman na Mama Herman, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Baba Herman alimpenda yule kijana kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mimi sikumchukia, ila nilimchunguza. Mtu wa machimbo hana kwao. Dhahabu ikisikika mahali, kesho hayupo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyamizi alirudi nyumbani na mimba ya miezi saba, maana kwetu mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake. Haukupita mwezi, tukasikia kuna machimbo mapya yamefumuka mbali huko, watu wanahama na mashoka na turubai. Abel akahama nao. Simu zake zikawa za kuhesabu. "Huku mtandao unasumbua," alisema. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanaume wa wanawake wengine. Nikayaweka moyoni.

Luka alizaliwa mwezi wa kwanza, kwenye zahanati yetu, salama, kilo tatu na nusu. Nikamlaza mwanangu ndani, mzazi mchanga. Hagusi jembe, hagusi maji ya baridi, kazi yake ni kula na kunyonyesha. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali na kuku, jioni uji tena. Wiki ya tano alikuwa amejaa. Miguu ilijaa, mashavu yalijaa, mpaka pete ya Abel haikutoka tena kidoleni. Wanawake waliokuja kumwona mtoto walinisifu mimi.

"Mama Herman, unamlisha nini huyu?" aliuliza jirani yangu Ritha, akimbonyeza Nyamizi shavu. "Mimba yangu ijayo nakuja kujifungulia kwako."

"Njoo na kuku wako," nikamwambia.

"Mimi sasa hivi navaa kandambili za baba," Nyamizi akasema kitandani, akanyanyua mguu wauone. "Zangu zimenikataa."

Tukacheka wote. Nami nilicheka kwa majivuno.

Kilichoanza kunitia wasiwasi ni kikohozi. Kilikuwa kidogo, kikavu, na kilimjia akijilaza. Halafu nikaona anapumzika njiani. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayalali. Kutoka mlangoni kwetu mpaka chooni ni hatua arobaini na kitu. Mwanzoni alikwenda moja kwa moja. Baadaye akawa anasimama mara moja, kwenye mpapai, anajifanya anaangalia mapapai. Wiki iliyofuata akasimama kwenye mpapai na kwenye kona ya bani. Baada ya hapo akawa anasimama mara tatu, na mapapai haangalii tena. Usiku alilala ameegemea gunia la mpunga ukutani. Nilipomwambia alale vizuri, alisema, "Hivi ndivyo vizuri."

Mchana mmoja tulikuwa kibarazani, mimi nafunga majani ya tumbaku kwenye fito, yeye ananyonyesha. Akasema, "Mama, moyo wangu hautulii. Unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa tu."

Simu yake ilikuwa pajani. Nikaiangalia ile simu.

"Utatulia, mwanangu. Atapiga."

Akanitazama kama anayetaka kuongeza kitu. Kisha akatabasamu kidogo. "Haya, mama."

Kwetu mtu akisema moyo unamsumbua, hatuulizi unauma wapi. Tunauliza nani amemkosea. Nilijua nani amemkosea mwanangu, kwa hiyo sikuuliza.

Tulikwenda zahanati. Tabibu wetu, Donatus, ni kijana mwenye adabu, ananisalimu kabla sijakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Mzazi anasumbuliwa na nini?"

Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza anakaa, pumzi haijarudi. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Mzazi mchanga husemewa, ndivyo tulivyolelewa, nami nikasema, "Ana kifua."

Neno hilo kwetu ni pana. Mwenye kikohozi cha wiki mbili ana kifua. Mwenye pumu ana kifua. Mwenye ugonjwa ule mkubwa wa kukohoa damu, naye kwa heshima tunasema ana kifua. Sikuona kosa, na Donatus naye aliuliza maswali yanayofuata neno hilo. Anakohoa muda gani? Amewahi kufanya kazi kwenye vumbi? Nikasema ndiyo, miaka mitano kwenye karasha. Kuna moshi nyumbani? Nikasema kuna bani mbili. Akatikisa kichwa. Vumbi na moshi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alimpima homa, akampa vidonge vya siku saba, akatupa vikopo vya makohozi vipelekwe kituo cha afya vikapimwe.

Makohozi yalirudi safi. Vidonge viliisha, kikohozi hakikuisha. Tukarudi, Donatus akaandika barua ya rufaa. "Mimi hapa sina mashine ya picha, mama," alisema. "Msikae sana nyumbani. Kifua cha hivi sikipendi." Nilikunja barua nikaiweka kwenye kanga. Tulikuwa katikati ya kukausha, na Baba Herman alisema tumalize bani moja kwanza. Nilikubali. Hilo nalo ni langu.

Siku nne baadaye, Jumatano, Nyamizi alishindwa kufika chooni. Alikaa chini kwenye mpapai na hakuinuka mpaka nilipokwenda kumwinua. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi. Adhuhuri ile ile redio ikatangaza kwamba madaktari bingwa wako Shinyanga mjini wiki nzima, wamefika kutoka mbali, wanaona magonjwa ya ndani, ya watoto, ya akina mama, ya moyo, na kwamba mwisho ni Ijumaa.

Baba Herman alizima redio. Aliangalia bani inayofuka, akamwangalia binti yake.

"Ondokeni kesho asubuhi," akasema. "Majani nitayaangalia mwenyewe. Yakiungua, yaungue."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu tumbaku.

Alhamisi jioni tulikuwa kwa mdogo wangu Sesilia, anayeuza mchele sokoni Shinyanga. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye geti la hospitali, na mbele yetu watu zaidi ya mia. Kulikuwa na meza, nyuma yake muuguzi mwenye vipande vya karatasi za rangi. Kila mtu aliulizwa swali moja, akapewa rangi yake, akaelekezwa. Mkono wake ulikwenda haraka kama wa mtu anayechambua maharage.

"Mgonjwa ni nani?"

"Binti yangu huyu."

"Tatizo?"

"Ana kifua."

"Kohozi lina damu?"

"Hapana."

Akanipa karatasi ya bluu na barakoa mbili. "Zunguka nyuma, jengo la mwisho, kaeni nje kwenye upepo."

Tukapita mbele ya watu wenye karatasi nyekundu waliopangwa kwenye veranda. Juu ya mlango wao kulikuwa na kibao, nikakisoma pole pole: MOYO. Walikuwa wazee wengi, na mwanamke mmoja mwenye fimbo. Niliwahurumia. Nikamnong'oneza Nyamizi, "Mungu atuepushe na la hawa." Yeye alikaza macho njiani. Alikuwa anahifadhi pumzi ya kutembelea.

Nyuma ya jengo la mwisho tulikaa kwenye benchi la zege. Karibu wote walikuwa wanaume, na karibu wote walitoka machimboni. Nilijua kwa kucha zao. Jirani yetu pale alikuwa mzee mmoja aliyejitaja kwa jina la Nkwabi, mwembamba, shati linamning'inia.

"Binti," akamwambia Nyamizi, "mbona unatuchukulia foleni yetu? Sisi kifua hiki tumekihangaikia miaka ishirini chini ya ardhi."

"Na mimi nilikibeba kichwani, babu," Nyamizi akasema. Alisema kwa vipande viwili, akapumua katikati.

"Eee! Mwenzetu!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika magoti. Alipotulia akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka. Nilimwona anamwangalia mwanangu kuanzia usoni kushuka chini, akaishia miguuni, akakaa hapo muda mrefu.

Saa nne ikapita. Saa tano. Waliitwa wawili wawili. Nyamizi alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, na kila pumzi niliiona shingoni. Kando ya shingo kulikuwa na mshipa unaochezacheza, mnene kama kidole. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama mtu aliyetoka kula zambarau. Nikajiambia ni kivuli cha barakoa, maana alikuwa ameishusha. Luka alilia, nikampa titi la mama yake, naye Nyamizi akamshika kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa unashikilia benchi.

"Mama," akasema Mzee Nkwabi, "naomba nikuulize na usinikasirikie."

"Uliza, baba."

"Huyu ana kifua gani?"

"Kifua. Anakohoa, anabanwa."

"Tazama benchi hili." Akanyoosha kidole tangu mwanzo wa benchi mpaka mwisho. "Tazama miguu."

Nikatazama. Miguu kumi na kitu, yote mikavu, mifupa imejitokeza, suruali zimekunjwa kiunoni kwa kamba. Kisha ya mwanangu, minene, imekaza, inang'aa.

"Wenye kifua tunakonda," mzee akasema. "Mimi nilikuwa na kilo themanini. Huyu mbona ananenepa?"

Nilikasirika. Kweli nilikasirika. "Ametoka kujifungua. Nimemlisha mwenyewe."

"Ungenilisha na mimi basi," akasema, lakini hakucheka. Aliinuka kwa kujisukuma na mikono, akaenda mpaka mlangoni, na nikasikia sauti yake mle ndani, "Sista, toka nje kidogo. Kuna mtu hapa si wa huku."

Muuguzi aliyetoka alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, kwenye kitambulisho chake kumeandikwa Violeth. Alisimama mbele yetu, akaniuliza tatizo. Nami, mbele ya kila kitu nilichokuwa nimekwisha kukiona kwa macho yangu, nikafungua mdomo nikasema tena, "Ana kifu—"

"Subiri, mama." Akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa Nyamizi. "Dada, sema wewe. Unajisikiaje?"

Nyamizi akavuta pumzi.

"Moyo," akasema.

"Moyo unafanyaje?"

"Unakimbia. Unaruka. Nikilala chali nazama. Kama nimetiwa kwenye maji."

"Tangu lini?"

"Luka ana wiki tatu. Nne."

Sista Violeth alishika mguu wa mwanangu, akaubonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akahesabu kimya kimya, akaondoa kidole. Pale alipobonyeza likabaki shimo. Tulilitazama sote, mimi, mzee na wale wanaume wengine. Halikujaa.

"Mama, hii siyo nyama," akaniambia taratibu. "Haya ni maji."

Akasimama, akaita kiti cha magurudumu kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwanzo. Walimsukuma haraka, mimi nyuma na mtoto, barakoa imenikaa kidevuni, na nikasikia Mzee Nkwabi akisema nyuma yetu, "Nenda, Mama! Kimbia nao, usiangalie nyuma!"

Kwenye ile veranda ya karatasi nyekundu walikuwa wamebaki wagonjwa sita. Mlinzi alisema namba zimefungwa tangu saa nne, daktari ana safari saa tisa. Sista Violeth hakubishana naye. Alimgeuza Nyamizi na kile kiti, mlinzi akaona ile midomo, akafungua mlango. Yule mwanamke mwenye fimbo alivuta miguu yake ndani ili kiti kipite.

Daktari aliitwa Benjamini. Alimwegemeza Nyamizi kitandani akiwa nusu ameketi, akampaka kifuani kitu kama mafuta ya mgando, akapitisha kifaa kidogo. Kwenye kioo ukatokea moyo wa mwanangu. Sikuwahi kudhani mtu anaweza kuuona moyo wa mtoto wake ukiwa bado unafanya kazi. Nilitegemea kuuona unakimbia kama alivyosema, na ulikuwa unakimbia kweli, lakini kukimbia kwa mtu aliyechoka, anayenyanyua miguu bila kufika popote. Kuta zake zilijisogeza kidogo tu, zikarudi.

"Alianza lini kuvimba miguu?" daktari akauliza, macho kwenye kioo.

Safari hii nilijibu nilichokiona, bila kukipa jina. Miguu, wiki ya nne. Pete, wiki ya tano. Kikohozi, akijilaza, akikaa kinapungua. Kutoka mlangoni mpaka chooni, mwanzoni hasimami, halafu mara moja, halafu mbili, halafu tatu, na juzi hakufika. Kulala, ameegemea gunia zima la mpunga, na tangu Jumapili ameketi kabisa. Daktari aligeuka akaniangalia.

"Nani alikuambia uandike yote hayo?"

"Sikuandika. Niliyaona."

"Umeniletea nusu ya vipimo, mama." Akamgeukia Nyamizi, akamweleza yeye, si mimi. Moyo wake umetanuka na umedhoofika, hausukumi damu kama unavyotakiwa. Maji yamerudi nyuma, yakajaa miguuni na kwenye mapafu, ndiyo maana anakohoa. Huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua. Hakuna aliyemfanyia. Halikuwa vumbi wala moshi. Atalazwa sasa hivi, atawekewa hewa na dawa za kutoa maji, na dawa nyingine za kuupumzisha moyo, zitakazochaguliwa ikijulikana kwamba ananyonyesha.

"Angekaa wiki nyingine nyumbani?" nikauliza.

Daktari aliiweka kalamu chini. "Tusiulize hilo leo."

Siku ya tatu wodini, baada ya kukojoa maji mpaka kitenge kilichokuwa kinambana kikamzunguka mara mbili, Nyamizi alikuwa na pumzi ya kutosha sentensi nzima. Uso wake wa zamani ulirudi, mwembamba, na nikaona ni muda gani sikuuona. Nilikuwa namkata kucha.

"Kwa nini hukuniambia tena?" nikamuuliza.

"Nilikwambia mara tatu, mama."

"Mara tatu?"

"Kibarazani. Siku ya pili uliponiletea maji ya kuoga. Na siku ile umenishika chini ya mpapai. Kila mara ulisema atapiga." Hakusema kwa hasira, na hilo lilinilemea zaidi. "Nikaona labda ni kweli. Labda ni mawazo tu. Nilikuwa nayo pia, hayo mawazo. Sikujua lipi linaanzia wapi."

Nilikata ukucha uliobaki. Alisema moyo, nikasikia Abel. Nikabeba neno langu kutoka Ushetu mpaka getini Shinyanga, nikalitoa mbele ya watu waliokuwa tayari kutusaidia, na wakatusaidia kwa neno hilo.

Abel mwenyewe alifika siku ya nane. Ujumbe wa Baba Herman ulimkuta baada ya siku tano, na njiani alitumia mbili. Alikuja na miguu ina matope makavu mpaka magotini, akasimama mlangoni mwa wodi akiogopa kuingia. Nikamsalimu. Kama ni kweli mtandao ulikuwa unasumbua, sijui mpaka leo. Nyamizi alimtania, "Ulidhani utakuta Fuso imeegeshwa?" Yule kijana alitaka kucheka, akashindwa, akakaa pembeni ya kitanda akamshika mguu uliokuwa umepungua, kama mtu anayeshika kitu asichojua bei yake.

Siku ya kuruhusiwa tuliitwa kwenye chumba kidogo. Wale madaktari wa mbali walikuwa wameshaondoka, ila Daktari Benjamini alikuwa ameacha maelekezo, na daktari wa wodi, dada kijana, alikuwa nayo kwenye faili.

"Kuna mambo nataka nimweleze Nyamizi," alisema. "Anaweza kuchagua nani abaki naye."

Nilikuwa nimeshavuta kiti. Nyamizi aliniangalia, kisha akamwangalia Abel, na akasema, "Abaki huyu. Mama, naomba utukalie na Luka nje."

Nikarudisha kiti. Nilitoka. Mlango haukufungwa vizuri na nafasi ya kusikiliza ilikuwepo, nami masikio yangu ni kama macho yangu. Nikahamia benchi la mbali, karibu na bomba la maji, ambapo nilisikia maji tu. Luka alinishika kidole. Nilikaa pale nikijiuliza maswali yote ambayo ningeuliza kama ningekuwa ndani, na majibu yote ambayo ningetoa kabla yeye hajafungua mdomo.

Walikaa muda mrefu. Walipotoka, Abel alikuwa amevua kofia, anajifutia uso. Nyamizi alitembea pole pole mpaka kwenye benchi. Hakusimama njiani.

"Nimeambiwa dawa ni za kila siku," akasema. "Baada ya miezi mitatu nirudi wapige picha nyingine. Wengine moyo hurudi sawa, wengine haurudi, kwangu hawajui bado. Mizigo basi. Na mimba nyingine nisishike kabla hawajaupima, na huenda wakasema nisishike tena kabisa."

Nilifungua mdomo. Mtoto mmoja tu! Ukoo wa Abel utasemaje, baba yake Nyamizi atasemaje, mzigo wa machimbo nani ataubeba? Yote yalikuwa kwenye ulimi. Nikafunga mdomo.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

Alifikiri. Abel naye alisubiri, kofia mkononi.

"Nasema sitaki kufa, mama," akasema. "Mengine nitayasema nikiyajua."

Abel akaenda kushika foleni kwenye dirisha la dawa, iliyokuwa ndefu mpaka nje. Mimi nikamsogeza Luka upande wangu wa pili, na mwanangu akapata nafasi ya kukaa.